Sura ya Sita: Kinachopindisha Shafti na Kinachozima Mota

Penye mashine ya kukereza chuma, lawama mbili hazikosekani. Ya kwanza ni ya shafti iliyotoka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, ilhali kina cha kisu hakikuguswa tangu mkato ulipoanza. Ya pili ni ya mota: kisu kimeingia kwenye chuma, mota ikanguruma, mkanda ukateleza, mashine ikasimama. Mwanafunzi akimwita fundi wake, zote mbili hupewa dawa moja: "Punguza." Apunguze nini? Kasi, kina, au mwendo wa kisu? Asiyejua hupunguza vyote vitatu. Kazi ya dakika tano inakula nusu saa, na shafti inatoka nene upande mmoja vilevile.

Maradhi haya ni mawili na dawa zake ni mbili. La kwanza ni la kani, yaani msukumo baina ya kisu na chuma, unaopimwa kwa nyutoni. La pili ni la nguvu, yaani kazi inayofanyika kila sekunde, inayopimwa kwa wati au kilowati, na ambayo mafundi wa zamani waliihesabu kwa farasi. Kani hutokana na ukubwa wa mkato na ubishi wa metali. Nguvu hutokana na kani hiyo ikizidishwa kwa kasi. Anayezitenganisha hizi mbili anajua azungushe mkono upi wa mashine na upi auache. Hesabu zake ni za kuzidisha na kugawanya tu, na simu ya mfukoni inazimudu.

Kwenye ncha ya kisu

Ukitazama kwa mbali utadhani kisu kinachanja chuma na kukitenganisha. Sivyo. Chuma kilicho mbele ya kisu hubanwa mpaka kishindwe kuvumilia, kisha tabaka jembamba huteleza kwa mshazari juu ya tabaka la jirani, likafuatwa na jingine, na jingine. Mrusi Ivan Time aliliandika jambo hili mwaka 1870, na Mfaransa Henri Tresca akalirudia miaka mitatu baadaye. Lakini picha iliyokaa vichwani mwa wahandisi ni ya Väinö Piispanen wa Ufini, ya mwaka 1937. Yeye alilinganisha chuma kinachokatwa na pakiti ya karata iliyoinamishwa: ukiisukuma, kila karata inateleza kidogo juu ya mwenzake, na pakiti nzima inabadili umbo bila karata hata moja kuchanika.

Ushahidi umejaa chini ya mashine. Okota ukanda mmoja kwenye maranda ya chuma, usubiri upoe, uupime kwa mikromita. Kama kisu kilikuwa kikisogea milimita 0.3 kila mzunguko, ungetarajia ukanda wenye unene wa milimita 0.3. Utakuta 0.6, pengine 0.8. Chuma hakikuongezeka; ukanda umekuwa mfupi kuliko njia ulikotoka, na ufupi huo umelipwa kwa unene. Ugeuze kwenye mwanga. Upande uliopita juu ya uso wa kisu unang'aa kama umepigwa msasa laini. Upande wa pili ni mkavu, una vingazi vidogo vidogo vilivyopangana. Kila kingazi ni tabaka lililoteleza.

Katika miaka ya 1940, Eugene Merchant, mtafiti katika kampuni ya mashine za kukata chuma mjini Cincinnati, Marekani, aliigeuza picha hiyo kuwa hesabu. Alionyesha kwamba ukanda ukiwa mnene, maana yake tabaka zinateleza kwa mshazari mrefu, na mshazari mrefu una eneo kubwa la chuma linalopaswa kushindwa kwa wakati mmoja. Kani inapanda. Ukanda ukiwa mwembamba, mshazari ni mfupi na kani inashuka. Kwa hiyo lolote linalousaidia ukanda kupita kwa wepesi juu ya kisu linapunguza kani: uso laini, mafuta ya kukatia, na mwinamo wa uso wa kisu. Kwa kipimo cha karakana, kila nyuzi moja ya mwinamo huo hubadili kani kwa takriban asilimia 1. Ukiongeza nyuzi kumi umepunguza kani kwa sehemu ya kumi, ila ncha ya kisu imekuwa nyembamba zaidi na inameguka upesi.

Namba moja kwa kila metali

Hesabu ya Merchant inaeleza sababu. Fundi anayetaka jibu kabla ya kuwasha mashine hutumia njia fupi zaidi. Kila metali hupewa namba yake ya ubishi, yaani kani inayohitajika kuondoa ukanda wenye eneo la milimita moja ya mraba. Tuiite ukinzani. Basi:

Kani = ukinzani × kina cha mkato × mwendo wa kisu

Kina hupimwa kwa milimita, na mwendo kwa milimita kila mzunguko. Kwa mwendo wa milimita 0.3 hivi, alumini nyingi zina ukinzani wa kati ya nyutoni 500 na 900 kwa milimita ya mraba. Chuma cha kusubu cha kijivu, kile cha bloku za injini, huanzia 1,100 kwenda 1,600. Chuma cha kaboni ya kati, ambacho shafti nyingi za kawaida hutengenezwa nacho, huwa kati ya 2,000 na 2,600. Stenlesi hupita hapo kidogo, na aloi za nikeli zinazovumilia moto ndani ya injini za ndege hufika 3,000 na kuendelea. Namba hizi hutofautiana kati ya jedwali na jedwali kwa sababu mwinamo wa kisu kilichotumika kuzipima haukuwa mmoja. Anayezitumia ajue zina kosa la sehemu ya kumi au zaidi, na abakize akiba.

Tuchukue shafti ya chuma cha kaboni ya kati, kipenyo cha milimita 60. Kisu ni cha kabaidi, kina ni milimita 3, mwendo ni milimita 0.3 kila mzunguko. Hapa wanafunzi wengi huteleza: kina cha milimita 3 hupunguza kipenyo kwa milimita 6, kwa kuwa kisu kinakula pande zote, hivyo shafti itatoka na kipenyo cha 54. Eneo la ukanda ni 3 × 0.3, yaani milimita za mraba 0.9. Tukikadiria ukinzani kuwa 2,200, kani ni nyutoni 1,980. Ni kama kuning'iniza uzito wa kilo 200 kwenye ncha ya kisu isiyozidi upana wa punje ya mchele.

Angalia kisichokuwemo katika hesabu hiyo: kasi. Mashine ikizunguka polepole au haraka, kani inabaki karibu palepale, mradi kasi isishuke mno kiasi cha chuma kuanza kugandamana na ncha ya kisu. Hiyo ndiyo nguzo ya sura nzima.

Kani tatu na shafti inayokimbia

Nyutoni 1,980 tulizopata ni za kani kuu, inayosukuma kisu kuelekea chini. Ziko nyingine mbili. Moja hupinga kisu kisisonge mbele kwa urefu wa shafti. Ya pili hukisukuma kisu nje, mbali na shafti, na hapohapo kuisukuma shafti mbali na kisu. Kwa kisu kikali kila moja ya hizi mbili huwa sehemu ya kani kuu, mara nyingi kati ya robo na nusu. Kani kuu ndiyo inayokula umeme. Hii ya tatu haili umeme hata kidogo, kwa sababu hakuna mwendo kuelekea upande wake. Lakini ndiyo inayoharibu vipimo.

Tutoe mfano. Shafti ya milimita 20 imekamatwa na taya za mashine upande mmoja, na milimita 200 zimechomoza bila kushikwa. Kina ni milimita 1.5, mwendo 0.2. Kwa ukanda mwembamba namna hiyo ukinzani ni kama 2,400, hivyo kani kuu ni nyutoni 720, na kani ya kusukuma nje tuikadirie kuwa 200. Kanuni ya mhimili ulioshikwa upande mmoja inasema mpindo wa ncha huongezeka kwa mchemraba wa urefu na kupungua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Ukiweka namba za chuma, ncha ya shafti inakimbia kisu kwa milimita 0.32. Kwa vitendo inapungua kidogo, maana shafti ikikimbia mkato nao unapungua. Hata hivyo, kipenyo cha mwisho wa shafti kinaweza kutoka kinene kwa zaidi ya nusu milimita kuliko pale karibu na taya. Kwa beringi inayotaka usahihi wa mia za milimita, shafti hiyo ni chakavu.

Sasa pima nguvu iliyotumika. Kwa kasi ya mita 80 kwa dakika, kazi hiyo inataka kilowati 0.96 tu. Mashine yenye mota ya kilowati 5.5 haihisi lolote. Ukipunguza kasi kwa nusu, kani ni ileile, na shafti inapinda vilevile. Dawa ziko kwingine. Sogeza kichwa cha nyuma, ukaze ncha yake kwenye tundu la katikati ya shafti: mpindo mkubwa sasa uko katikati na ni kama milimita 0.009, chini ya sehemu ya thelathini ya ule wa kwanza. Au fupisha kilichochomoza: nusu ya urefu hupunguza mpindo mara nane, ukabaki milimita 0.04. Au badili kisu. Kisu ambacho ukingo wake unakutana na shafti kwa nyuzi 45 huisukuma nje sana. Chenye ukingo wa nyuzi 90 hupeleka sehemu kubwa ya msukumo huo kwenye urefu wa shafti, ambako taya zinauzuia. Ncha yenye mviringo mkubwa, inayosifiwa kwa kulainisha uso, hurudisha msukumo uleule wa nje.

Kisu butu huharibu hesabu hizi zote. Frederick Winslow Taylor, mhandisi wa Marekani, aliligundua hilo mwaka 1883 katika kiwanda cha Midvale mjini Philadelphia, akikata matairi ya chuma ya magurudumu ya treni. Alipopima msukumo wa kukipeleka kisu mbele, aliona kwamba kisu kilichochakaa sana kinahitaji msukumo wa kwenda mbele ulio sawa na ule wa kukata wenyewe. Tangu hapo Midvale haikununua mashine ya kukata chuma ambayo gia zake za kupeleka kisu ni dhaifu kuliko gia za kuzungusha kazi. Kwa fundi wa leo ugunduzi huo una maana nyingine: shafti iliyotoka sawa asubuhi na kuanza kunenepa mwishoni mchana, kwa vipimo vilevile, inalalamikia ncha ya kisu.

Kasi inapoingia

Turudi kwenye shafti ya milimita 60 na kani yake ya nyutoni 1,980. Kasi ya kukata ni umbali ambao uso wa shafti unapita mbele ya kisu kwa dakika. Tukichagua mita 100 kwa dakika, mashine inapaswa kuzunguka mara 530 kwa dakika: zidisha 100 kwa 1,000 ili kupata milimita, kisha gawanya kwa mzingo wa shafti. Nguvu ni:

Nguvu kwa kilowati = kani kwa nyutoni × kasi kwa mita za dakika ÷ 60,000

Ile 60,000 ni sekunde 60 za dakika zikizidishwa kwa wati 1,000 za kilowati. Jibu ni kilowati 3.3. Hiyo ni nguvu inayofika kwenye ncha ya kisu. Kati ya mota na ncha kuna mikanda, gia na beringi, na kila kimoja kinatoza ushuru wake. Mashine ya gia ya miaka mingi hufikisha robo tatu tu ya nguvu ya mota. Gawanya 3.3 kwa 0.75, upate kilowati 4.4, karibu farasi sita. Mota ya kilowati 4 itazidiwa. Ya 5.5 itafanya kazi bila wasiwasi.

Kama mota iliyopo ni ya kilowati 4, kinachofika kwenye kisu ni 3. Ukizigawa kwa kani ileile, kasi inayoruhusiwa ni mita 90 kwa dakika, sawa na mizunguko 480 hivi. Gia za mashine hazina 480, zina 450. Basi weka 450: kasi inakuwa mita 85, na nguvu ya kisu ni kilowati 2.8. Kina hakikuguswa, mwendo haukuguswa, na kazi imechelewa kidogo tu. Mwanafunzi aliyepunguza vyote vitatu kwa nusu angelipa muda mara nne kwa kila mkato, na mikato ingekuwa miwili badala ya mmoja.

Tahadhari moja inahusu mashine zinazobadilisha kasi kwa inveta badala ya gia. Ukiteremsha gia, mota inaendelea kuzunguka kwa kasi yake ya kawaida na nguvu yake yote bado ipo. Ukiteremsha inveta, mota yenyewe inapunguza mizunguko, na nguvu inayoweza kuitoa inashuka sambamba. Nusu ya kasi, nusu ya kilowati. Mwenye mashine ya namna hiyo akipunguza kasi ili kuiokoa mota hapati nafuu, kwa sababu uwezo umeshuka pamoja na mahitaji. Huyo atumie gia au mkanda kwanza, kisha inveta kwa marekebisho madogo.

Historia ya karakana za karne ya 20 imejaa uhusiano huu wa kasi na nguvu. Taylor alianza majaribio yake mwaka 1880 na kuyaendeleza kwa miaka 26. Alipoyasoma mbele ya wahandisi wenzake mwaka 1906, alisema zaidi ya ratili 800,000 za chuma, karibu tani 360, zilikuwa zimegeuzwa maranda kwa ajili ya kupima. Kati ya 1898 na 1900, yeye na Maunsel White katika kiwanda cha Bethlehem walipata namna ya kupasha moto chuma cha visu hata kikaweza kukata huku ncha yake ikiwa nyekundu kwa joto. Walikionyesha Paris katika maonyesho ya mwaka 1900, maranda ya buluu yakitiririka mbele ya watazamaji. Ghafla kasi za kukata ziliweza kupanda mara kadhaa. Kani kwenye kisu haikubadilika sana, lakini nguvu iliyotakiwa ilipanda pamoja na kasi, na mashine zilizokuwa zikiendeshwa na mikanda kutoka shafti moja ya darini zikaonekana dhaifu. Watengenezaji wakaanza kuunda mashine nzito zaidi, kila moja na mota yake. Miaka ya 1920 Krupp ya Ujerumani ilipoingiza sokoni kabaidi kwa jina la Widia, kasi zilipanda tena na mota zikafuata.

Kina au mwendo?

Fundi anayetaka kuondoa chuma kingi zaidi kwa dakika ana njia mbili mbali na kasi: kuzamisha kisu zaidi, au kukisogeza zaidi kila mzunguko. Kwa macho ni sawa, maana eneo la ukanda linaongezeka vilevile. Kwenye mita ya umeme haziko sawa.

Mwaka 1952 Mjerumani Otto Kienzle alitoa kanuni ambayo jedwali nyingi za leo zimejengwa juu yake: ukinzani wa metali hupanda kadiri ukanda unavyokuwa mwembamba. Ncha ya kisu, hata iliyonolewa vizuri, ina kijimviringo kidogo. Chuma kinachopita chini ya kijimviringo hicho hakikatwi. Kinasuguliwa na kugandamizwa, na gharama hiyo hulipwa ukanda uwe mnene au mwembamba. Kwa vyuma vingi vya kawaida, kuugawa unene wa ukanda kwa mbili huongeza ukinzani kwa asilimia 19 hivi.

Kwa hiyo katika mfano wetu, ukiongeza kina kutoka 3 hadi 6, kani inaongezeka maradufu kamili na kufika 3,960. Ukiacha kina kwenye 3 na kuongeza mwendo kutoka 0.3 hadi 0.6, ukinzani unashuka hadi karibu 1,850 na kani inakuwa 3,330. Chuma kinachoondoka ni kilekile kwa dakika, lakini nguvu inayohitajika ni pungufu kwa asilimia 16. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba mwendo mdogo wa 0.1 hupandisha ukinzani hadi kama 2,900. Mkato wa kujihadhari unakula umeme zaidi kwa kila kilo ya maranda.

Mwendo mkubwa nao una deni lake. Kisu huacha mifereji juu ya uso, na kimo cha mfereji huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kwa ncha yenye nusu kipenyo cha milimita 0.8, mwendo wa 0.3 huacha mifereji ya milimita 0.014, na mwendo wa 0.6 huacha ya 0.056, mara nne. Ndiyo maana kazi hugawanywa: mikato ya kwanza kwa mwendo mkubwa ili kumaliza chuma, na mkato wa mwisho kwa mwendo mdogo na kina kidogo, ambapo nguvu si tatizo tena na kani ya kusukuma nje iko chini kabisa.

Umeme unakwenda wapi

Ukinzani wa nyutoni 2,200 kwa milimita ya mraba unaweza kusomwa kwa namna nyingine bila kubadilisha tarakimu: ni jouli 2,200 kwa kila sentimita ya ujazo ya chuma iliyoondolewa. Karibu zote zinageuka joto. Sentimita ya ujazo ya chuma inahitaji kama jouli 3.7 kupanda nyuzi moja ya Selsiasi. Kama joto lote lingebaki ndani ya maranda, yangepanda nyuzi 600 hivi. Sehemu kubwa, mara nyingi nne ya tano, ndiyo hubaki. Nyingine huingia kwenye shafti na kwenye kisu. Maranda basi hutoka yakiwa yamekaribia nyuzi 500. Chuma kikipita nyuzi 300 hivi hewani huvaa rangi ya buluu, na ndiyo rangi tunayoiona ikirundikana chini ya mashine. Maranda hayo yanachoma ngozi mpaka kwenye nyama, na kuyavuta kwa mkono mtupu ni ujinga ambao haurudiwi.

Benjamin Thompson, aliyejulikana kwa cheo chake cha Count Rumford, aliliona joto hili kwenye ghala la silaha la München, ambako mizinga ilikuwa ikitobolewa kwa mashine iliyozungushwa na farasi. Alichukua kekee butu makusudi, akaizungushia metali ya mzinga ndani ya sanduku la maji, na baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka bila moto. Ripoti yake ya mwaka 1798 iliwatikisa waliodhani joto ni kitu kilichofichwa ndani ya metali. Fundi anaweza kuisoma kwa namna nyingine: kisu butu hutoa maranda machache na joto jingi kwa umeme uleule.

Chuma kisicho na cheti

Jedwali za ukinzani zimetungwa kwa ajili ya mtu anayejua amenunua chuma gani. Katika karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, chuma kingi huja kutoka kwenye magari yaliyokufa: ekseli ya lori, pini ya springi, shafti ya gia. Hakuna muhuri wala cheti, na ekseli zilizogumishwa kwa joto zina ngozi ngumu na kiini laini. Hapo jedwali haisaidii, lakini hesabu inasaidia ikigeuzwa.

Kinachotakiwa ni kifaa cha kupima wati kwenye waya za mota. Kipimo cha ampea peke yake kinadanganya, kwa kuwa mota isiyo na mzigo huvuta ampea nyingi bila kufanya kazi yoyote. Washa mashine bila kukata, kwenye gia utakayotumia, na usome. Tuseme ni kilowati 0.9. Kisha kata kipande cha majaribio kwa kisu kipya: kina milimita 2, mwendo 0.3, kasi mita 120 kwa dakika. Tuseme kipimo kinapanda hadi 4.1. Tofauti ni 3.2. Toa sehemu ya kumi kwa hasara zinazoongezeka mzigo unapoongezeka, ubaki na 2.88. Zidisha kwa 60,000, ugawanye kwa 120 × 2 × 0.3, yaani 72. Jibu ni 2,400. Chuma kisicho na jina sasa kina namba, na namba hiyo ni ya mashine yako na kisu chako, si ya maabara ya mtu mwingine.

Iandike kwa chaki kwenye kipande kilichobaki, maana itatumika tena. Baada ya shafti kadhaa, rudia mkato uleule. Kama kipimo sasa kinasoma 4.9 badala ya 4.1, hesabu ileile inatoa 3,000. Chuma hakikubadilika; ncha imechakaa na kani imepanda kwa robo. Geuza ncha kabla haijameguka ndani ya kazi ya mteja. Ila kama kisu ni kipya na namba bado imepanda, basi umefika kwenye tabaka gumu la ekseli, na vipimo vya mkato vinafaa kupangwa upya.

Mpangilio wa maswali unatokana na hayo yote. Kwanza kani: je, shafti hii, kwa urefu huu na unene huu, itasimama mbele ya kisu bila kukimbia? Jibu likiwa hapana, rekebisha ushikaji, kisu, kina au mwendo, na uiache kasi. Kani ikishakubalika, uliza nguvu: je, mota inaweza kuizungusha kani hiyo kwa kasi ambayo kisu kinaivumilia? Jibu likiwa hapana, shusha kasi kwa gia na uache mengine.

Hapo mteja aliyesimama mlangoni akiuliza kazi itachukua muda gani, jibu liko tayari. Shafti yetu ya milimita 60, urefu wa milimita 400, mizunguko 450, mwendo 0.3: kisu kinasogea milimita 135 kwa dakika, na mkato mmoja unakwisha kwa dakika tatu. Ongeza mkato wa kumalizia, muda wa kufunga na kufungua, na bei ya ncha ya kisu. Kinachobaki ni kupatana.